Mwalimu wa Falsafa Aombwa Dua

Mwalimu wa falsafa ya dini hajibu swali kabla ya kuvua miwani, kuifuta kwa ncha ya tai na kukohoa: "Inategemea unamaanisha nini." Hata mkewe akimuuliza kama chai imekolea sukari, jibu ni hilohilo. "Heri ningeolewa na redio," husema mkewe, "walau ina swichi." Lakini mama yake Mwalimu alipokuwa mahututi alimshika mkono akamwambia, "Mwanangu, niombee." Mwalimu akavua miwani. Alikuwa bado anatafuta namna ya kumwita Mungu bila kusema uongo, mama akamwachia mkono. "Basi, baba, usijisumbue. Nitaomba mwenyewe." Akaomba kwa kunong'ona, na aliyeombewa alikuwa huyo mwanawe tu. Mwalimu hakuthubutu kuitikia, na ile amina imemkwama kooni mpaka leo.