Marehemu wa Dukani

Juzi, katika kitabu cha historia cha mjukuu wangu, nilikutana na mwanamume wa sharubu niliyewahi kumlilia.

Picha yake ilikuwa imetundikwa juu ya magunia ya makayabu, katika duka la Mreno mmoja kule Kalemie. Duka lilinuka samaki hao wa chumvi na mafuta ya taa. Mchana mmoja, nikiwa mtoto, risasi zililia upande wa bandari, na Mama alikuwa akinivuta mkono tuondoke, askari walipoingia. Mmoja aliielekezea picha bunduki.

“Huyu njo mukubwa wenu, mwenye kutuma wazungu kutupiga?”

Mreno aliinua mikono juu. Mama akafungua kitambaa cha kichwani, akakaa sakafuni.

“Njo papa yake,” alisema, akimwonyesha Mreno. “Alikufa.”

Akaanza kilio cha matanga. Niliamini kweli ni baba wa Mreno, nikalia kuliko yeye. Askari yule akavua kofia, wakatoka.

Kitabu kinasema mtu wa pichani alikuwa waziri mkuu wa Ureno: akaangushwa, akarudi, akaangushwa tena. Mjukuu wangu anasema alipokufa hakuna aliyemlilia.

“Tulimlilia,” nikamwambia. “Mimi na Mama, Kalemie.”