Nilisema Nimepona, Kidonda Kikiwa Bado Kinatoa Usaha

Nilikuwa msusi hapa Makindye. Kina mama wa Kikongo wenzangu walinijua kwa mkono mwepesi. Ndipo mwanamke mmoja tuliyesali naye akaniahidi kazi ya saluni Uarabuni. Nilipofika nilinyang'anywa pasipoti, nikafungiwa ndani kufanya kazi za nyumbani bila mshahara. Siku moja mwenye nyumba alikasirika, akanimwagia mafuta ya moto mkono wa kulia. Ngozi ilibambuka pamoja na kucha.

Serikali ilisaidia kunirudisha, nikapelekwa nyumba ya hifadhi huko Kyebando. Nilipewa chakula, mshauri, na muuguzi wa kuosha kidonda. Daktari akasema, "Vidole vinajikunja. Bila upasuaji havitanyooka." Nakato, afisa wa ustawi, akaniambia mpango wao ungegharamia.

Jumapili nilienda kanisani. Kwetu mtu hushuhudia uponyaji kabla haujaonekana. Kulalamika ni kukosa imani. Nikainua mkono wenye bandeji, nikasema nimepona, watu wakapiga vigelegele. Kesho yake Nakato akaniuliza, "Mama Furaha, mukono iko aje?"

"Nimepona, Mungu ni mwema," nikajibu.

Akaandika hivyohivyo. Jina langu likaondolewa kwenye upasuaji, nikapewa cherehani ya kuanzia kazi. Cherehani, jamani, na vidole vitatu vimegandamana kiganjani!

Nilirudi ofisini kwake tena na tena, mpaka askari wa getini akachoka kuniuliza shida yangu. "Lakini wewe ulisema umepona," Nakato akasema. "Sasa mimi naandika nini?"

"Si ungefungua uone?" nilifoka. "Mkono uko hapa, wewe unauliza mdomo!"

Nikafungua bandeji mwenyewe, juu ya meza yake. Harufu ilijaa chumba kizima. Nakato aliziba pua, halafu akachukua simu.

Nilipasuliwa. Mazoezi baadaye yaliniliza kuliko yale mafuta. Leo vidole viwili vinanyooka. Cha tatu kimekataa, na daktari alisema ni kwa sababu ya kuchelewa. Nasuka polepole, wateja wenye haraka wananikimbia. Namshukuru Mungu, namshukuru daktari, hata Nakato namshukuru. Lakini hasira bado ninayo, sitadanganya.

Wewe uliyerudi kama mimi, kanisani shuhudia upendavyo. Mbele ya afisa sema panapouma, na uonyeshe. Mungu anajua tayari. Ofisi haijui.