Karatasi ya Siri Iliyofungiwa Karanga

Jamani, nichekeni taratibu, maana aibu hii nimeibeba tangu miaka ya tisini inaishia, na mpaka leo nikipita soko la Shinyanga nikaona mtu anafungiwa karanga kwenye karatasi, masikio yanapata moto.

Nilikuwa nachapa kazi za watu kwenye duka la Mzee Gulam, duka la madaftari na kadi za harusi, lenye kompyuta moja ambayo ukiingia chumbani kwake unavua viatu, na ikizimwa inafunikwa kitambaa alichofuma mke wa mzee (enzi hizo kompyuta iliheshimiwa kuliko mgeni). Tuliitumia wawili, mimi na Bashiri, mpwa wa mzee, na Bashiri sikumpenda, si kwa ubaya wake, ila alikuwa anajifunza haraka kuliko mimi. Sasa rafiki yangu, dereva kwenye kambi ya watafiti wa dhahabu kule Geita, akaniletea sidii ya Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, mzee akaniruhusu kuiweka kwa kuwa niliapa haishiki virusi, na ndani yake mlikuwa na programu ya kupanga madirisha: kila unachofungua kinajipanga chenyewe kama vigae sakafuni, hakuna kitufe cha kufunga wala cha kuburuta kwa mausi, yote unaamuru kwa kibodi. Na amri hizo unazichagua mwenyewe. Hapo ndipo shetani aliponipata.

Ijumaa nikabadilisha amri zote, ishirini na kitu, nikaweka za ajabuajabu ili Bashiri asiweze kufungua hata barua, nikaziandika kwenye karatasi, juu nikaweka kwa herufi kubwa SIRI, ASISOME MTU, nikaichomeka chini ya meza katikati ya karatasi zilizoharibika (nilijiona mjanja kweli).

Jumamosi asubuhi akaja Mama Shija, muuza karanga. Utaratibu wetu ulikuwa huo kila Jumamosi, sisi tunampa karatasi mbovu za kufungia, yeye anatupa karanga.

"Mwangaluka, mwanangu," akanisalimu kwa Kisukuma. "Leo zipo?"

"Zipo, Mama, chukua zote!"

Nikala karanga zangu kwa raha.

Saa nne akaingia Baba Agnes, katekista kutoka Ushirombo, kofia mkononi, kuchukua vijitabu vya misa ya binti yake, maana Agnes alikuwa anaweka nadhiri za utawa kesho yake, na basi la baba lilikuwa linaondoka saa saba. Kuandika nilishaandika, ilibaki kuchapisha tu. Nikafungua misa, nikataka kuituma kwenye printa, kichwa kikawa kitupu. Nikabonyeza hiki, kioo kikagawanyika mara mbili, nikabonyeza kile, mara nne, mpaka misa ya Agnes ikabaki ukanda mwembamba pembeni, unasoma "Bwana" halafu basi. Nikazima, nikawasha, kikaja kioo cheusi kinachongoja amri. Nikainama chini ya meza. Hakuna karatasi hata moja.

"Bado kidogo tu, Baba," nikamwambia, nikatoka mbio pekupeku, viatu nikaviacha mlangoni.

Sokoni Mama Shija alikuwa ameshauza karibu zote, basi nikaanza kufuata watu, namwaga karanga zao viganjani mwao, nasoma karatasi, naomba radhi, nakwenda kwa mwingine. Dada mmoja akanisikitikia kwa Kisukuma chake, "Bebe, wewe, kama una njaa si useme?" Kondakta akanikunja shati. Nikarudi dukani na msafara nyuma yangu, Mama Shija na ungo wake akiwa mbele, anawaeleza watu kwamba asubuhi nilikuwa mzima kabisa.

Baba Agnes alikuwa palepale kwenye benchi, anatafuna karanga alizonunua kwa Mama Shija mlangoni alipokuwa anaingia.

"Kijana, unatafuta hii? Nimeona imeandikwa asisome mtu, basi sikusoma."

Nilitamani kumkumbatia. Mzee Gulam akasema, "Wewe kaa, bonyeza. Yeye asome."

Baba Agnes akasimama, akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya kanisani, watu wamejaa mlangoni. "Alti na W, kufungua maandishi. Alti na Z, kuchapisha. Alti na Q, kufunga kila kitu Bashiri akikaribia."

Bashiri alikuwa amepiga magoti kando yangu, ananipangia karatasi kwenye printa. Nilitaka ardhi inimeze.

"Endelea, Baba," Bashiri akasema, "basi litakuacha."

Vijitabu vilitoka saa saba kasoro, na Bashiri ndiye aliyevipeleka stendi kwa baiskeli. Mzee Gulam hakunifukuza. Alisema tu, "Kitu anachokijua mtu mmoja, siku akikisahau, hakipo." Namkumbuka sana yule mzee, na lile benchi, na kile kitambaa cha kufuma.

Karatasi ninayo bado, na madoa yake ya mafuta. Niliapa sitaficha tena ninachokijua, na Jumatatu yake nikabandika amri zote ukutani, nikamwita Bashiri nimfundishe. Adhana ya alasiri ilimkuta ameshazijua zote, mimi bado nachungulia ukutani.