Jiwe la Kulamba

Nilipoanza kufuga uani kwetu Mtopanga, nilikuwa na mbuzi wawili wachanga ambao hawakui. Matumbo makubwa, mbavu unazihesabu. Daktari wa mifugo akaniuliza wanakula nini. Nikamjibu kwa fahari: machicha ya nazi na maganda ya viazi.

"Hayo yanashibisha, dada. Hayajengi mwili."

Akaniandikia majani ya mti wa lukina na mashudu ya alizeti, kwa ajili ya protini, niyaanze kidogo kidogo wasije wakaharisha. Tena niwatundikie jiwe la madini wawe wanalamba.

Jiwe lenyewe la kahawia, zito, limekolea chumvi. Siku ya kwanza tu kamba ilikatika, likaangukia kwenye mavi. Nikaliosha, nikaliacha bafuni likauke.

Mchana ule shangazi yangu alifika kutoka Likoni, akaingia kuoga. Alikaa humo muda mrefu. Alipotoka alinionyesha visigino vyake.

"Jiwe lako la magaga zuri, wallahi. Umelipata wapi?"

Shangazi hapendi kuchekwa. Nikasema limetoka dukani, na hilo lilikuwa kweli.

Akaenda uani, akakalia mbuzi ya kukunia nazi, akanyoosha miguu. Mbuzi wangu walikuwa wamefunguliwa. Wakamjia polepole, kila mmoja akashika kisigino kimoja, wakalamba kwa utulivu.

"Hawa wamelelewa," akasema. "Wananishikia miguu."

Baada ya kitambo akaacha kukuna. "Mwanangu."

"Abee, shangazi."

"Lile jiwe ni la nini?"

Nikamwambia.

"Na kabla ya bafuni lilikuwa wapi?"

"Bandani."

"Bandani wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole mavi ya mbuzi. Akaupitisha mkono shingoni, halafu shavuni.

"Mimi nilianza na uso," akasema, akaangua kicheko mpaka nazi ikamtoka mkononi.

Tangu kesho yake alijipa kazi ya kuwalisha. Alipima mashudu kwa kikombe, akisawazisha kwa kidole kama mtu anayepima mchele wa wageni, na machicha akanikataza kabisa. Alikaa mwezi mzima. Migongo ya mbuzi ikajaa, manyoya yakang'aa.

Aliporudi kwao Likoni nilipima mashudu vilevile, kikombe kilekile. Siku mbili nzima walisimama wakinitazama, kisha wakitazama mlango.