Nani Aliyepiga Taa za Gatini

Wilf Ackerley alifanya kazi yake yote kwa soksi. Vipaza sauti vya studio za London vilikuwa na masikio makali. Mguu uliofuata mdundo ulisikika kwenye santuri, kwa hiyo wapigaji wa kukodiwa walivua viatu mlangoni kama watu wanaoingia msikitini. Beryl, mkewe, alizikagua soksi hizo kila asubuhi kabla Wilf hajatoka nyumbani kwao Mitcham.

"Wakiona tundu watanisema mimi, si wewe," alikuwa akimwambia. "Geuza mguu huo."

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuja na kuondoka. Unapewa karatasi ya noti isiyo na jina la muziki, ina namba tu. Unapiga, unarudia, unavaa viatu vyako, unapanda treni. Baada ya wiki chache muziki ule unatoka ukiwa na picha ya vijana wanne wenye suti za sare, wamekumbatia magita kana kwamba walizaliwa nayo, na pengine siku ile hata mmoja wao hakukanyaga studio. Wilf hakuwaonea kijicho. Kilichomkera ni kwamba redio ikipiga muziki wa namna ile, mara nyingi hakujua kama anamsikia mtu mwingine au anajisikia mwenyewe. Wapigaji wote walisoma karatasi zilezile, wakatumia spika zilezile na mashine ileile ya mwangwi. Kwa hiyo alikuwa mtu wa ajabu, maarufu nchi nzima na hajulikani hata na nafsi yake.

Aliyemtambua ni Beryl. Yuko jikoni anapiga pasi, redio iko juu ya kabati, gita linashuka ghafla kwenye nyuzi nene, naye anasema bila kuinua kichwa, "Huyo wewe."

Hakukosea. Wilf alimjaribu kwa zile chache alizozikumbuka vizuri, na kila mara alipata jibu sahihi.

"Unajuaje?"

"Nikikuambia utaacha."

"Nitaacha nini?"

"Umeona? Kunywa chai yako, inapoa."

Sasa, kulikuwa na muziki mmoja ambao Wilf aliutamani kuliko yote. Uliitwa Taa za Gatini, ulitoka kwa jina la kundi la Halyards, na hakuna mtoto wa Uingereza aliyeshika gita miaka ile ambaye hakujaribu kuupiga. Ulirekodiwa mara mbili, masika ya mwaka 1961, miezi michache kabla ya Wilf na Beryl kuoana. Siku ya kwanza alipiga Wilf. Siku ya pili waliitwa watu wengine, na gita akapewa Ron Pettifer. Ipi iliyotoka? Hakuna aliyewaambia, na Ron alikufa mapema bila kujua. Wilf alijishawishi kwamba ni yake. Binadamu ndivyo tulivyo, tukikosa ushahidi tunatumia hamu.

Krismasi moja, mezani, alilisema jambo hilo mbele ya ukoo mzima wa mkewe. Stan, kaka yake Beryl, muuza nyama mwenye mdomo usio na breki, alicheka hadi akakohoa.

"Wewe? Taa za Gatini? Basi mimi ndiye Malkia." Kisha akamgeukia dada yake. "Beryl, wewe si ndiye bingwa wa kumjua? Hebu tuambie. Ni yeye?"

Meza nzima ikamtazama Beryl. Aliweka uma wake chini taratibu.

"Hiyo sijui," alisema.

Wilf alitahayari. Neno moja tu, *ndiyo*, lingemgharimu nini? Hakuzungumza naye mpaka mwaka mpya ukaingia, na tangu siku ile muziki ule ukianza redioni aliinuka na kuizima. Beryl aliendelea kupiga pasi. Jambo lile halikutajwa tena katika nyumba ile, ila lilikaa pale pamoja nao kama kiti ambacho hakuna anayekikalia. Hawakuwa na watoto wa kuwasuluhisha.

Beryl alifariki mwezi wa Februari. Wilf alikuwa mzee kwa wakati huo, na studio zilikuwa zimemsahau zamani. Aliiacha meza ya kupigia pasi wazi pale jikoni, akawa anaizunguka kila aendapo kuchemsha maji. Redio hakuiwasha, maana ingepiga gita na asingejua ni nani, na hapakuwa na wa kumwambia. Siku nyingine mara ya kwanza kuisikia sauti yake mwenyewe ilikuwa saa za alasiri, anapomshukuru muuza mkate.

Jumamosi moja alikuja mgeni, Nigel Tasker, tarishi mstaafu, mpenzi wa magita ya zama zile. Alibeba gramafoni ndogo na sanduku la santuri. Yeye na wenzake walikuwa wamebishana kwa miaka juu ya Taa za Gatini, na alitaka kumuuliza Wilf mwenyewe.

"Lakini tuanze na hizi nyingine, Bwana Ackerley, tupashe masikio." Akaweka ya kwanza. Gita liliposhuka alikunja uso. "Samahani kwa hicho kimlio. Umekisikia? *Tik*. Niliisafisha, wapi. Nikanunua nyingine, nayo ina *tik* palepale."

Akaweka ya pili. Gita likashuka. *Tik*.

"Umeona? Na hii pia. Inatia hasira."

Wilf alikuwa anautazama mkono wake wa kushoto. Siku zile wanaume wengi wa pale hawakuvaa pete ya ndoa, na wapiga gita ndio kabisa, ilikuwa inawasumbua kwenye nyuzi. Beryl ndiye aliyeshikilia. *Mimi nikivaa, na wewe unavaa, na hutaivua kwa ajili ya gita wala kwa ajili ya Malkia.* Naye hakuivua.

Alikwenda akalitoa gita nyuma ya kabati. Vidole vilikuwa vigumu, nyuzi zimechakaa. Akaushusha mkono haraka kuelekea nyuzi nene, kama alivyozoea, na pete ikagonga ukingo wa shingo ya gita. *Tik*.

Nikikuambia utaacha. Kweli, angeacha. Angeivua asubuhi ileile, maana ni kosa, na hakuna fundi anayetaka kosa lake lisikike.

"Sasa yenyewe," alisema Tasker, akaiweka Taa za Gatini kwa vidole viwili. Wilf aliinama karibu na spika. Gita lilishuka, likapanda, likashuka tena mpaka chini kabisa. Hakukuwa na kitu.

"Hii ni safi," Tasker alisema kwa furaha. "Haina dosari hata moja."

Masika ya 1961. Harusi ilikuwa Agosti. Kama ni yeye aliyepiga, alipiga kwa mkono usio na pete, na Beryl hakuwa na namna ya kumjua. Alikuwa amesema kweli mezani pale, na Wilf akamnunia kwa kusema kweli. Wilf alijisikia vibaya mno, na hapakuwa na mtu wa kumwomba radhi.

"Basi, Bwana Ackerley? Ni wewe?"

"Hiyo sijui."

"Lakini watu wanasema ulikuwa unasema..."

"Nilikuwa nasema. Aliyekuwa anajua ni mke wangu, na yeye hiyo alisema hajui." Akafuta macho kwa mkono wa sweta. "Hebu rudisha ile mbovu."

"Ile yenye *tik*? Inakera, lakini."

"Rudisha."

Tasker akairudisha. Wilf alikaa ameigeukia meza ya pasi, akisubiri. Gita likashuka kwenye nyuzi nene, na *tik* ikaja mahali pake.

"Huyo wewe," alisema Wilf.

"Samahani?" aliuliza Tasker.

"Sikuwa nasema na wewe, bwana. Ngoja nichemshe chai."