Mchanga Ulioanikwa Baraka

Mji mzima wa Baraka hakuna aliyemshinda Georgette, mama yake Ketsia, kwa kuanika. Ndagala zake, dagaa wa ziwani, hazikuoza, na mihogo yake ilitoka nyeupe pe. Profesa Néhémie, aliyekuwa akichimba pango moja la kale milimani juu ya Fizi, alimchukua awe mpishi na mtunza nyumba. Alipopata safari ya siku tatu kwenda Lulimba, alimwachia mirija saba ya chuma iliyojaa mchanga wa pangoni. "Isiguswe na mvua," alisema, akaondoka.

Mvua haina adabu. Ilipenya kwenye bati bovu ikalowesha sanduku zima la mirija. Georgette akafanya ambalo mtu mwenye akili zake angelifanya: akaifungua mirija, akamwaga kila mchanga kwenye mkeka wake, akauanika kutwa akiugeuzageuza kwa mkono. Jioni akaurudisha, kila mmoja mahali pake, akaziba. Alijisifu kimoyomoyo.

Profesa aliporudi, alikaa mezani na dereva wake, furaha imemjaa. Georgette alikuwa akileta bugali.

"Ile muchanga inachunga hesabu ya miaka," profesa alimwambia dereva, "tangu siku jua iliiona mara ya mwisho, wakati batu ba zamani sana balikuwa banachonga mawe mule. Pengine miaka elfu makumi tano. Lakini jua ikiiona tena, hata kidogo, yote inafutika."

Georgette aliitua sahani ya bugali mezani. Miaka elfu hamsini, naye ameifuta kwa siku moja, kwa mkono wake huu! Na nani aliyemwambia jua ni adui? Hakuna. Lakini siri ya mtungi aijuaye kata: mirija imezibwa, shahidi hayupo. Akisema, kazi imekwisha.

"Prof," akasema, "mi niliianika. Yote saba. Siku muzima."

Profesa alirudisha tonge sahanini.

"Mama Ketsia," alisema, "mi nilikuambia ya mvua tu, ya jua sikukuambia. Na kama ungenyamaza, mashine ya kuhesabu miaka ingesema ile muchanga iliingia mule juzi. Na mi ningeandika vile."

Kesho yake walipanda wote pangoni kuchukua mchanga upya. Georgette ndiye aliyeshika turubai jeusi mlangoni. Mwanamke aliyeomba jua maisha yake yote alilibana turubai lile kwa mikono miwili, akiomba jua lisipate hata tundu.