Kavenya na Kiti cha Kinyozi wa Bongwe

Kavenya alikuwa na tabia moja iliyowatoa watu jasho: hakuweza kuona kitu cha ngozi asikipapase. Miaka kumi na tisa ya kushona viti vya magari hapo Ukunda ilikuwa imevipa vidole vyake macho. Siku moja, matangani, alimshika mfiwa mkoba badala ya mkono, akamnong'oneza, "Pole sana, mama. Lakini hii si ngozi ya mamba. Ni plastiki iliyopigwa chapa."

Basi Mzee Mwero, meneja mstaafu wa hoteli, akamletea gari lake dogo la mbio la miaka ya sitini, la viti viwili, lisilo na paa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Tumbili wamenifedhehesha."

Alikuwa amesahau keki ya ndizi kwenye kiti cha abiria, nyumbani kwake Diani. Tumbili waliila keki, kisha wakashushia na mgongo wa kiti.

Kavenya alimtandazia vipande sita vya ngozi bandia nyeusi. Mzee alifumba macho, akapapasa kimoja kimoja.

"Hiki laini mno. Hiki kina vipele kama ganda la chungwa. Changu kina mikunjo myembamba, kama shingo ya kobe."

Fundi mwingine angenuna. Kavenya alifurahi mno. Hatimaye amempata mgonjwa mwenzake.

Alitafuta Kombani, akatafuta Msambweni, asiambulie kitu. Wiki ya tatu, akipita Bongwe, aliona ndani ya kibanda cha kinyozi kiti kikuukuu cheusi. Aliingia, akaketi hata bila salamu, akafumba macho. Mikunjo myembamba. Shingo ya kobe hasa!

Kinyozi, Boga, alimfunga shuka shingoni, akamwonyesha picha ukutani.

"Karibu, mama. Tunyoe mtindo huu?"

"Huu huu!" alisema Kavenya, vidole vikitembea chini ya shuka.

"Una hakika?"

"Nimeutafuta wiki tatu!"

Boga hakuuliza tena. Mashine ikapita kutoka kipajini hadi kisogoni, na nywele zilizolelewa tangu Pasaka zikaanguka mapajani.

"We! Umenifanya nini?"

"Nimekunyoa, mama. Hapa ni kwa kinyozi."

Kavenya alijitazama kiooni. Nusu haingefaa, ikabidi amwambie amalizie. Kisha akaomba ngozi ya kile kiti, akaahidi kukivalisha mpya.

"Chukua," alisema Boga, akirudi nyuma. "Chukua na kioo ukitaka."

Nyumbani, mumewe Gerishom alifungua mlango, akamtazama, akasema kwa adabu, "Mwenye nyumba hayupo."

Siku ya kukabidhi gari, Mzee Mwero aliketi, akafumba macho, akapapasa kiti cha dereva ambacho tumbili hawakukigusa, akapapasa kilichoshonwa. Akarudia.

"Fundi, kipi ndicho ulichoshona?"

Kavenya akaketi kando yake, naye akafumba macho ili ajibu kwa haki. Wakakaa hivyo barabarani, watu wazima wawili, wakipapasa.

Twaiba, muuza viazi karai, alisimama kando ya gari. "Mnaomba dua?"

"Karibu na hapo," alijibu Mzee Mwero bila kufumbua macho.

Twaiba akatua beseni lake, akainua viganja, akasubiri kuitikia amina.